Maji Niliyoyabadilisha Malaba

Nabwire ndiye aliyenitambua kwanza. Tulikuwa Khunyangu, kwenye mazishi ya Mama Makokha, mwenye gesti niliyoifanyia kazi Malaba nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, wahubiri wamechoka, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya chakula nyuma ya akina mama wa kanisa, sahani mkononi, nikijiuliza kama wali utanifikia. Sauti nyuma yangu ikasema, "Huyu si Amoit? Amoit wa dining?" Sikuhitaji kugeuka. Mtu uliyelala naye chumba kimoja mwaka mzima unamjua kwa sauti hata akiwa amezeeka. Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililofikiria halikuwa kumkumbatia, bali njia ya kutokea, ile iliyopita kando ya wapishi hadi barabarani. Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye wajukuu, nilitaka kukimbia kwa sababu ya samaki.

Sikukimbia. Tulichukua chakula, tukaketi pembeni ya hema kwenye viti viwili ambavyo watu walikuwa wameviacha juani. Lakini kabla sijasema alichoniambia pale, inanibidi kuusimulia mwaka ule kama ulivyokuwa, maana nimeshausimulia mara nyingi kwa watu na kila mara nimeukata pale panaponiuma.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko la gesti. Kitanda kimoja, sanduku la kila mtu, msumari wa kutundikia sare, na dirisha lililotazama stoo ya makaa ya jirani, hivyo shuka tulizofua Jumapili zilikuwa na vumbi jeusi kufikia Jumatano. Nabwire alitoka Osieko, ziwani, na alikuwa amenizidi miaka mitano au sita. Alilala upande wa ukuta. Mimi nilikuwa nimetoka Angurai nikijua kusonga ugali wa wimbi na kutandika kitanda, basi. Yeye ndiye aliyenifundisha kubeba sahani nne kwa mara moja, kumjibu dereva mlevi bila kumkasirisha, na kumtambua mgeni atakayelala siku moja na yule atakayekaa wiki nzima akingoja karatasi zake za forodha. Tulikula baada ya wageni kula, kwenye meza ya kukatia vitunguu: ugali na mchuzi uliobaki, na siku njema matoke ambayo madereva wa Uganda waliagiza halafu wakaitwa mbio kwenye foleni ya malori kabla hawajayagusa. Nilipougua malaria mwezi wangu wa pili, Nabwire alihudumia meza zangu na zake, na Mama Makokha hakujua kwamba nilikuwa kitandani siku tatu. Naandika hili ili ijulikane nilimfanyia nani nilichomfanyia.

Tangi la samaki lilikuwa kwenye chumba cha kulia, dhidi ya ukuta, mahali ambapo gesti nyingine zingeweka televisheni. Mama Makokha alilinunua Kampala akalileta limeviringishwa kwa blanketi mbili, maana alitaka gesti yake iwe na kitu ambacho wengine hawana. Samaki wekundu aliokuja nao walikufa wote katika wiki chache. Kwa muda tangi likakaa tupu, madereva wakiweka kofia zao juu yake, mpaka Nabwire alipoomba ruhusa, akaenda kwao, akarudi na jerikeni ya maji ya ziwa ambayo kifuniko chake hakikufungwa, na ndani yake fulu. Wengi wanamjua fulu kama samaki mdogo wa kukaanga tu. Ukimweka kwenye kioo, mwanga ukampiga kwa upande, unaona kwamba dume ana bluu na wekundu ambao hujawahi kuuona kwenye sufuria. Madereva walisogeza viti. Mmoja, Mganda mwenye sauti nzito ambaye lori lake lilikuwa na matatizo ya karatasi kila safari, alikuwa akinywa chai akiwa ameligeukia tangi, akisema, "Nyabo," yaani mama, "hawa wanajua kukaa. Mimi nimekaa siku nne tu nataka kulia."

Usafi wa tangi ulikuwa kazi ya Nabwire, nami nikawa msaidizi. Mpira aliokuwa nao ulikuwa mwembamba kama kidole cha mtoto. "Usinyonye na mdomo," aliniambia siku ya kwanza. "Hiyo maji ni choo ya samaki. Jaza mpira maji kwanza, ziba huku na huku na kidole, ingiza upande mmoja ndani, halafu achilia." Nikafanya hivyo, na maji yakatoka yakidondoka kama yanaonewa.

"Mbona haivuti?" nikamuuliza.

"Ndoo umeweka wapi?"

"Kwa kiti."

"Sasa itavuta aje? Maji inataka kushuka. Weka chini. Ukitaka ivute zaidi, shusha zaidi."

Tukaishusha ndoo sakafuni, kisha siku nyingine akautoa mpira kwa mlango wa nyuma hadi chini ya ngazi, na mvuto ukaongezeka mpaka nikacheka. Alinionyesha kwamba mpira ukijikunja mahali, maji yanapungua. Kwamba hewa ikiingia kwenye kiungo, yanakatika kabisa. Alikata shingo ya chupa ya plastiki, akaichomeka kwenye ncha ya mpira na kuifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akakaza mpaka vidole vikawa vyeupe. Ile chupa aliizamisha kwenye changarawe, na uchafu ukapanda ndani yake huku kokoto zikirukaruka na kurudi chini. Alitoa sehemu ndogo tu ya maji, hakuyamaliza kamwe, na yale ya kuongeza aliyalaza kwenye pipa siku mbili. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima kwa sababu mpira ulikuwa mwembamba. Yeye hakuona tabu. Mimi niliona.

Kuelekea mwisho wa mwaka, fulu mmoja jike aliacha kula. Kidevu chake kilivimba. Nilidhani anaumwa, lakini Nabwire aliinama mbele ya kioo muda mrefu, sahani chafu zikimngoja, kisha akasema taratibu kama mtu aliye kanisani, "Amebeba watoto kwa mdomo." Alinieleza kwamba jike huyo hatakula wiki mbili, tatu, mpaka watoto wakomae ndipo awaachilie. Habari ikaenea mezani. Na siku moja ikamfikia Bwana Wandera, aliyekuwa na mabwawa ya samaki upande wa Busia na aliyepita kwetu kula kila alipokuja mpakani. Aliangalia tangi, akamuuliza Nabwire maswali mengi kuhusu maji na chakula, naye akajibu yote akiwa amesimama na trei. Mimi nilikuwa nikifuta meza ya pili, nikasikia kila neno.

"Mimi nimeajiri watu wa cheti, wananiulia vifaranga wa samaki," Bwana Wandera alisema. "Ukitoa hao watoto wakiwa hai, nitakuchukua. Nitapita Jumamosi ya mwisho wa mwezi nione."

Usiku huo Nabwire hakuongea juu ya kitu kingine. Nami nilimwambia ninafurahi. Nilifurahi, lakini si kwa moyo wote. Nilikuwa naona chumba kile nikiwa peke yangu, na nilikuwa naona pia kwamba sisi wawili tulishika mpira mmoja, lakini aliyeitwa mjuzi alikuwa mmoja.

Jumanne ya wiki hiyo ya mwisho akapata ujumbe kwamba shangazi yake amezidiwa. Asubuhi ya kuondoka alitoa ndoo moja ya maji kwenye tangi, akaongeza nyingine, kama alivyozoea, kisha akanishika mkono. "Usiwaguse. Wape chakula kidogo, basi. Yule mama hata usimwangalie sana. Narudi Jumamosi." Nikamwahidi. Kisha nikawalisha kupita kiasi, kwa sababu nilipenda kuwaona wakinijia mimi, na kufikia Ijumaa maji yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Mama Makokha akapita akakunja uso. "Amoit, hii tangi imekaa vibaya, na yule bwana anakuja kesho."

Ningeweza kutoa ndoo moja na kuongeza nyingine, nisubiri. Lakini nilitaka Nabwire arudi akute maji yanang'aa, aulize ni nani. Ule mpira mwembamba ungenichukua mpaka jioni, na nilikuwa na meza saba. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mwanamume aliyeuza dizeli kwa jerikeni, iliyotolewa kwenye matangi ya malori, na mpira wake ulikuwa mpana kama vidole viwili vikiwa pamoja. Nikauazima. Nikauosha kwa sabuni na maji ya moto mara mbili, nikaunusa, nikajiambia uko safi.

Mpira mpana hauzibiki kwa kidole na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo nikanyonya kwa mdomo. Maji yalikuja mara moja, yakanijaa mdomo, na ndani yake nilionja dizeli. Nimejaribu kwa miaka kulilainisha jambo hili, kwamba labda ilikuwa kidogo, labda sikuwa na uhakika. Niliionja. Nikatema, nikafuta ulimi kwa aproni, nikaendelea. Niliendelea kwa sababu ulikuwa unavuta vizuri ajabu. Uchafu wa mwezi mzima ulipanda mbele ya macho yangu na kushuka hadi ndooni kwa kishindo, na dereva mmoja aliyekuwa akila chapati akaniambia, "Dada, wewe ni fundi." Nikatoa maji mengi kuliko Nabwire alivyowahi kutoa. Kisha nikapandisha lile pipa dogo mezani, nikautumia mpira uleule kurudisha maji safi ndani, na yalipokuwa yakiingia niliona utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua ukitanda juu. Nilisimama nikiutazama. Nikachukua kitambaa nikaanza kuufuta.

Hayakupita masaa mawili. Walipanda juu wote, midomo nje, wakihema. Dume la bluu ndilo lililolala upande kwanza. Jike akajificha pembeni, kisha akafungua mdomo na kuwatema watoto, vitu vidogo vyenye macho, wengi, nao walikuwa wakiogelea. Kando kulikuwa na ndoo nyingine ya maji yaliyolala, ambayo mpira haukuyagusa. Kikombe kilikuwa mezani. Ningewachota. Kitu pekee nilichofikiria wakati ule ni kwamba mpira wa watu bado ulikuwa sakafuni na kwamba Mama Makokha hajaamka kutoka usingizi wake wa mchana. Nikaukunja, nikavuka barabara, nikaurudisha, nikanawa mikono kwa limau. Niliporudi, hakuna kilichokuwa kikiogelea, na maji yalikuwa yameingia ukungu tena.

Mama Makokha alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni. "Nani aligusa hii maji?"

"Mimi sijagusa, mama," nikasema. "Nabwire ndiye alibadilisha kabla ya kuenda."

Na hilo la pili lilikuwa kweli. Hapo ndipo uongo wangu ulipopata miguu. Akaniamuru nimwage kila kitu, nioshe tangi, nikaosha mpaka halikunuka chochote. Nabwire aliingia Jumamosi asubuhi, vumbi miguuni, shangazi yake hajambo kidogo, na mkononi kifurushi cha samaki wa kuchoma alichoniletea mimi. Hakupewa nafasi ya kukaa. Nilikuwa jikoni, mlango umefunguka kidogo, nikasikia Mama Makokha akisema, "Uliwawekea maji gani?" na Nabwire akisema, "Ni ile ya kila siku, mama, ni ile ya kila siku," mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alifukuzwa papo hapo. Alikusanya vitu vyake nami nikamsaidia kufunga sanduku. Aliniuliza tu kama yule jike alikuwa ameteseka. Nikasema sikuona.

Bwana Wandera alikuja mchana. Nilimpelekea chai. Alilitazama tangi tupu, akaniuliza mimi, si Mama Makokha, "Dada, ni kweli yule msichana ndiye aliwaua?" Hakuna aliyekuwa akinitisha wakati huo. Nabwire alikuwa bado stendi, angeweza kuitwa. Nikasema, "Ndiyo," nikamuuliza kama anataka sukari. Wiki iliyofuata nikapewa chumba cha kulia nikisimamie peke yangu, na kitanda kizima kikawa changu.

Sasa nirudi Khunyangu. Miaka yote hiyo niliamini kwamba Nabwire anajua. Nilikuwa nimeizoea chuki yake bila kuiona; nilijiandalia majibu yake nikifua, nikiwa njiani, nikiwa kanisani. Kwa hiyo alipoweka sahani mapajani na kushusha sauti, nilijikaza kupokea matusi.

"Nilikuja kumwomba huyu mama msamaha," alisema. "Kila mwaka nilikuwa nasema nitaenda Malaba nimwambie pole. Sasa angalia, nimekuja kuomba kwa kaburi."

"Msamaha wa nini?"

"Wale samaki, Amoit. Umesahau? Niliua samaki wa mama wa watu." Alitikisa kichwa. "Sikuwahi kujua nilikosea wapi. Nafikiri ile ndoo ilikuwa imefuliwa nguo. Ama maji ya pipa haikuwa imelala. Nimefikiria mpaka nimechoka."

Akaniambia kwamba anauza nguo za mitumba sokoni. Osieko yote inaishi kwa samaki, lakini yeye hakuwashika tena, ila wa kupika. Binti yake na wenzake wa chama wamechimba bwawa, na kila msimu wanamwomba aje awaonyeshe, kwa sababu wazee wa pale wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiwajua samaki akiwa msichana. "Nawaambia mkono wangu si wa samaki. Yule mtoto alilia, akasema mama unaninyima. Mimi namwambia, nakuokoa."

Alikuwa ameniamini. Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria hata siku moja. Nilichukua neno moja la uongo nikamwekea Mama Makokha sikioni, nalo likaenda likakaa ndani ya Nabwire, likamgeuza mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikianza na maji yaliyokuwa na ukungu na Mama Makokha aliyekunja uso, akanikatiza. "Mpira gani?" Nikamwambia mpira gani. "Ya dizeli." Ndiyo. "Na ulijua?" Nikasema niliionja mdomoni. Aliniangalia kwa muda, si usoni, bali kwenye mdomo wangu. "Ulionja na ukaendelea." Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia kuhusu watoto waliotemwa, na kikombe, na Bwana Wandera na sukari. Sikubakiza kitu. Karibu nasi watu walikuwa wakicheka, kama watu wanavyocheka mazishini wakishakula, na mmoja wa watoto wa Mama Makokha akatupitishia soda. Nilipomaliza nikasema, "Nisamehe, dada."

"Ngoja," alisema. "Usiniombe kitu saa hii."

Aliweka sahani chini, akanawa vidole kwa maji ya chupa, akatoa simu ndani ya kitambaa alichojifunga kiunoni. Ilimchukua muda kupata jina la binti yake. Aliongea kwa lugha ya kwao, ambayo naielewa nusu. Lakini sehemu moja aliirudia mara nyingi sana kiasi kwamba mtu yeyote angeielewa. Haikuwa mimi. Haikuwa mimi, mwanangu. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta, na alikuwa amekaa wima kama msichana aliyebeba trei. Wanawake wawili waligeuka wakatutazama, wakafikiri tunamlilia marehemu.

Kisha akaniletea simu mbele ya uso. "Binti yangu anasema namdanganya ili nimfurahishe," alisema. "Mwambie wewe."

Nikaipokea. Upande wa pili kulikuwa na upepo, na watu wakiongea mbali, na pumzi ya mtu anayesubiri.

"Haloo?" ile sauti ikasema. "Wewe ni nani?"

Nabwire alikuwa amenikazia macho. Nikaanza na jina langu.